Safu Tatu za Bao na Dakika 16,777,216

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote hapa chuoni akutajie namba moja inayohusu Mto Rufiji, atakwambia 2,115. Hizo ni megawati za Bwawa la Julius Nyerere: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, na hesabu inakubali, 9 mara 235 ni 2,115. Namba hiyo imetajwa majukwaani, redioni na magazetini mpaka watoto wa shule ya msingi wanaijua. Mimi leo nataka kuzungumzia namba nyingine. Hii haikupata jukwaa hata moja, lakini mwaka 2024 iliingia katika kila nyumba yenye mita ya LUKU, kuanzia Kibiti mjini hadi vijiji vya ukingoni mwa delta kule nguzo zilikofika. Namba yenyewe ni 16,777,216.

Mtakumbuka ilivyokuwa. TANESCO ilitangaza kwamba mita za LUKU ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na kwamba mita itakayopitwa na tarehe hiyo haitaweza tena kupokea umeme unaonunuliwa. Mteja akinunua umeme, badala ya kupata namba moja ya tarakimu 20 kama alivyozoea, alipata makundi matatu. La kwanza unaingiza, la pili unaingiza, la tatu ndilo lenye uniti zako. Jumla tarakimu 60, kwa kidole, mara nyingine gizani, tochi ya simu imebanwa kwapani.

Mwaka ule likizo ndefu nilikuwa nyumbani Kibiti, na kwa kuwa nasoma kozi yenye hesabu ndani yake, nikawa fundi wa mtaa bila kuajiriwa. "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma mambo ya namba huko chuo? Hizi mbili za mwanzo ni za nini?" Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikaa siku mbili bila umeme kwa sababu walianza na kundi la tatu, lile lenye uniti, wakiona ndilo la maana. Kijana mmoja alifungua biashara: buku moja kwa kila mita anayoingizia namba. Uvumi nao haukulala. Wengine walisema mita ikishaboreshwa "inakula" uniti haraka. Wengine walisema namba mbili za mwanzo ni tozo mpya iliyofichwa. Mzee mmoja kijiweni alikuwa na uhakika kabisa kwamba ni malipo ya bwawa. Katika maneno yote yale, hakuna aliyetaja neno dakika. Na jibu lote lilikuwa humo, kwenye dakika.

Hoja yangu ni hii: mtu anayetakiwa kuitumia namba ana haki ya kuelezwa namba hiyo imetoka wapi, kwa Kiswahili, kwa mfano anaoujua. Na kazi hiyo, kwa Kibiti, kwa Rufiji na kwingineko, ni yetu sisi tuliokwenda chuo. Kabla hujasema kwamba hesabu hizi ni nzito mno kwa mwanakijiji, naomba unifuate hatua kwa hatua. Tutatumia bao.

Namba yenyewe

Chukua bao la kete, lile lenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Sahau mchezo kwa muda. Kanuni yetu ni hii: shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kila shimo linalofuata lina thamani mara mbili ya lililotangulia. Katika kila shimo unaruhusiwa kuweka kete moja tu, au kuliacha tupu. Ukitaka kuandika 13, weka kete kwenye shimo la kwanza, la tatu na la nne: 1 na 4 na 8. Ukitaka 14, tumia la pili, la tatu na la nne. Jaribu namba yoyote uitakayo. Utaona kila namba ina mpangilio wake mmoja, hakuna mbili zinazogombea mashimo yaleyale.

Safu ya kwanza ikijaa, una 255. Safu mbili zikijaa, una 65,535. Safu tatu zikijaa, mashimo 24, una 16,777,215. Sasa ongeza moja tu. Haiwezekani ndani ya safu tatu. Lazima uondoe kete zote 24 na uweke kete moja kwenye shimo la kwanza la safu ya nne. Thamani ya shimo hilo ndiyo namba yetu: 16,777,216. Ni mbili ishirini na nne zilizozidishwa pamoja, au kwa lugha ya darasani, 2 kipeo cha 24.

Kwa anayependa namba kwa ajili ya namba, hii ni karamu. Kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12, namba hii inajitokeza kwa sura nyingi. Ni 4,096 mara 4,096. Ni 256 tatu zilizozidishwa pamoja. Ni 64 nne, na 64 ndiyo idadi ya kete za bao. Ni 16 sita. Na tamu kuliko zote, ni nane zenyewe nane: 8 kipeo cha 8. Katika namba tasa zote duniani, inayoigawa ni moja tu, 2. Lakini rudi nyuma hatua moja, kwenye 16,777,215, unakuta ukoo mwingine kabisa: 3 mara mbili, halafu 5, 7, 13, 17 na 241. Majirani wa ukuta mmoja, na hawana kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

Kama unadhani hujawahi kukutana nayo, tazama simu yako. Skrini ya kawaida huchanganya viwango 256 vya nyekundu, 256 vya kijani na 256 vya bluu. Zidisha. Rangi unazoweza kuonyeshwa ni 16,777,216.

Kwa nini tarakimu 60

Sasa turudi kwenye mita. Mfumo wa tokeni tunaoutumia ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa mita zisizo na mtandao wowote. Hili ni jambo la kuheshimu. Mita iliyopo ukutani Bungu au Mchukwi haipigi simu Dar es Salaam kuuliza kama umelipa. Ujumbe wote umebebwa na zile tarakimu 20 unazoziingiza mwenyewe. Wewe ndiye mtandao.

Ndani ya tarakimu 20 kuna biti 66, yaani mashimo 66 kwa kanuni yetu ya kete moja au tupu. Mabao mawili kamili ni mashimo 64, na yanabaki mawili. Hayo mawili hutaja ujumbe huu ni wa kundi gani. Mabao mawili yaliyobaki yamegawanywa hivi: mashimo manne ya kutaja aina ya ujumbe ndani ya kundi lake, manne ya kubahatisha ili tokeni zisifanane, 24 ya muda, 16 ya kiasi cha umeme, na 16 ya kuhakiki kwamba hujakosea kuingiza. Jumlisha: 4 na 4 na 24 na 16 na 16 ni 64. Mzigo huo hufungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako hata ukiibembeleza. Na kwa nini tarakimu ni 20, si 18 wala 22? Kwa sababu 2 kipeo cha 66 ni 73,786,976,294,838,206,464. Zihesabu. Ziko ishirini.

Tuangalie yale mashimo 24 ya muda. Yanahesabu dakika tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1993. Kila tokeni inayotolewa hubeba dakika yake kama mhuri. Mita hukumbuka mihuri ya tokeni ilizokwisha kupokea, na ikiletewa iliyokwisha kutumika, au ya zamani kupita zote inazozikumbuka, inaikataa. Hivyo ndivyo inavyozuia mtu asiingize karatasi moja mara mbili.

Mashimo 24 ni safu tatu za bao. Yanatosha dakika 16,777,216, ukianzia sifuri. Gawanya kwa 1,440, ambazo ni dakika za siku moja. Unapata siku 11,650, na dakika 1,216 zinabaki. Hesabu siku 11,650 kutoka 1 Januari 1993, usiisahau miaka mirefu, unaangukia 24 Novemba 2024. Dakika 1,216 ni saa 20 na dakika 16. Kwa hiyo dakika ya mwisho yenye nafasi katika safu tatu ni ile iliyoanza saa 2:15 usiku wa tarehe hiyo. Tarehe ile haikupangwa na waziri wala meneja wa mkoa. Ilipangwa na mashimo 24, zaidi ya miaka thelathini kabla.

Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Tokeni mpya ingebeba muhuri mdogo kuliko mihuri yote ambayo mita inaikumbuka, na mita ingeitupa kama karatasi kuukuu. Utasema, basi tuifute kumbukumbu ya mita, ianze upya. Hapo unafungua mlango mwingine: tokeni zilizokwisha kutumika zingeweza kufufuka. Dawa ni kubadilisha vyote kwa pamoja. Unaweka sifuri mpya, ambayo sasa ni 1 Januari 2014, na unaweka ufunguo mpya, ili kilichofungwa kwa ufunguo wa zamani kisifunguke tena. Ufunguo huo una biti 64, na ujumbe mmoja, ukishaweka mambo mengine yanayotakiwa, una nafasi ya nusu yake tu. Ukakatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza, kipande cha pili, halafu uniti zako. Tarakimu 20 mara tatu.

Ndiyo maana nyumba ya tatu kutoka kwetu walikaa gizani. Uniti zao zilifungwa kwa ufunguo mpya, na mita ilikuwa bado imeshika ule wa zamani. Mita haikuwa mbovu na wao hawakuwa wajinga. Walipewa mpangilio bila sababu yake, na mpangilio usio na sababu mtu huugeuza anavyoona inafaa. Hata wewe na mimi hufanya hivyo kila siku kwenye maabara.

Watu wanaojua kuhesabu kurudi

Kuna wenzetu watakaosema: sawa, lakini mvuvi wa delta utamweleza vipi habari ya hesabu inayojaa na kurudi sifuri? Nawaalika Nyamisati, pale boti za Mafia zinapofunga. Anayeishi kwa maji ya delta anahesabu siku za mwezi. Anajua bamvu huja na mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji mafu yako katikati. Anajua maji yakijaa leo saa fulani, kesho yatachelewa kwa karibu dakika hamsini. Akifika siku ya 29 au 30, haendi 31, anaanza moja. Hiyo ni hesabu ya mzunguko, ileile ambayo sisi tunapewa kwa jina refu, desa la kurasa arobaini, na mtihani wa saa tatu wenye kutoa sapu.

Tena hatuhitaji kufika baharini. Saa yetu ya Kiswahili inafika kumi na mbili, kisha inarudi moja. Hakuna anayesema imeharibika. Lakini ukimwambia mtu tukutane saa moja, lazima umwambie ya asubuhi au ya jioni, la sivyo mmoja atafika wakati mwenzake amelala. Tatizo la mita ni hilohilo. Hesabu ilikuwa inakaribia kurudi mwanzo, na mita haikuwa na njia ya kujua kama muhuri mdogo ni wa asubuhi ya kwanza, yaani miaka ya tisini, au ni wa asubuhi ya pili. Nilipomweleza shangazi yangu kwa mfano huo wa saa moja, alicheka, akasema, "Kumbe mita ilikuwa inataka kuambiwa ya asubuhi au ya jioni." Ilichukua muda wa kumenya mihogo ya chakula cha mchana. Hakuna kompyuta iliyowashwa.

Kwa hiyo nakataa kabisa kusikia kwamba watu hawaelewi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Tukiona hivyo tunasema watoto wetu hawana kichwa cha namba. Mimi naona watoto wanaotoka kwenye nyumba zenye bao, zenye kalenda ya mwezi, zenye mizani ya korosho, kisha wanafika darasani na kuambiwa kwamba hesabu ni kitu kingine, kinachoishi kwenye lugha nyingine. Kisha wanarudi nyumbani na kukuta namba ya tarakimu 60, na hapo pia wanaambiwa ingiza tu, usiulize.

Gharama ya kutouliza

Kuna atakayesema nalikuza jambo dogo. Buku moja la kijana wa mtaani si janga. Kweli. Lakini fikiria mwaka wenyewe. Aprili 2024, miezi michache tu kabla ya habari za mita, maji yaliingia Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na nyumba, watu wakahama na kilichobebeka. Katika siku zile namba zilikuwa nyingi: kina cha maji bwawani, mita za ujazo kwa sekunde. Zikatua juu ya watu waliozoea kupewa namba bila ufunguo wake. Wapo walioziamini zote, wapo waliozikataa zote. Mabishano juu ya chanzo cha mafuriko yale siyarudii hapa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoeshwa kupokea namba kama amri, siku namba inapobeba usalama wake, hana njia ya kuipima. Anabaki kuamini au kukataa, na vyote viwili ni kubahatisha.

Uzoefu wa kuuliza "namba hii inahesabu nini, ilianzia wapi, inaishia wapi" haujengwi siku ya mafuriko. Unajengwa kwenye vitu vidogo, kwenye mita, kwenye mizani ya korosho, kwenye namba ya malipo ya serikali. Nafasi kubwa kuliko zote ya kufundisha hilo nchini ilikuwa miezi ile ya mwaka 2024, wakati mamilioni ya watu walikuwa wamesimama mbele ya mita wakiwa na swali moja. Tuliipoteza. Naongelea sisi wa chuo, tuliokuwa likizo wakati ule.

Wanaopinga

Nimejadili hili na wenzangu hosteli na wamenipa hoja tatu. Ya kwanza: abiria hana haja ya kujua injini. Ni kweli, lakini abiria hajawahi kuambiwa ashuke abadilishe injini mwenyewe kwa mkono. Mteja wa LUKU aliambiwa abadilishe ufunguo wa mita yake mwenyewe, tarakimu 40 kwa kidole. Ukimpa mtu kazi ya fundi, mpe na nusu ya maelezo ya fundi.

Ya pili: ukieleza mfumo, unawafundisha wezi. Hapana. Namna tokeni inavyopangwa ni kiwango cha kimataifa kilichochapishwa. Anayetaka kukisoma anakisoma. Siri iko kwenye ufunguo wa kila mita, na hakuna anayependekeza ufunguo utangazwe redioni. Mfumo ambao usalama wake unategemea watu kutojua kuhesabu dakika ungekuwa umeshakufa zamani.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: kwamba hatuna Kiswahili cha mambo haya. Wengi wetu tukiulizwa tunaanza sentensi kwa Kiswahili, tunaimalizia kwa istilahi za mhadhiri, na anayesikiliza anaitikia kwa adabu. Lakini angalia nilivyotumia hapa: shimo, kete, safu, muhuri, ufunguo, kujaa, kurudi mwanzo. Maneno yapo. Kinachotushinda ni kwamba hatukuwahi kupewa alama kwa kuyatumia. Mwanafunzi anaweza kupata A kwenye nadharia ya namba na asiweze kumweleza mama yake kwa nini LUKU ilileta makundi matatu. Chuo kinamhesabu amefaulu.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana bila bajeti ya kuogopesha. Kwanza, serikali ya wanafunzi, kupitia kamati ya taaluma, iandae kila mwaka kabla ya likizo ndefu karatasi moja ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, ikieleza namba moja ambayo wananchi wanakutana nayo mwaka huo. Moja tu. Kila anayekwenda nyumbani aibebe, na aende nayo kijiweni, sokoni, kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akiruhusu. Pesa tunayotumia kuchapisha mabango ya kampeni inatosha na chenji inabaki.

Pili, idara za hisabati, kompyuta na uhandisi zimkubalie mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuwasilisha sehemu ya mradi wake kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiosoma kozi hiyo, na apewe alama kwa kueleweka.

Tatu, kila taasisi inayomtaka mwananchi aingize namba iongeze sentensi moja ya sababu chini ya maelekezo. Kwa suala la mita ingetosha hii: "Mita yako inahesabu dakika tangu 1993, nafasi ya kuhesabia inajaa tarehe 24 Novemba, kwa hiyo tunaipa sifuri mpya na ufunguo mpya." Inasomeka kwa pumzi moja. Ingezima uvumi wa tozo mtaa mzima.

Na asije mtu akasema jambo lenyewe limepita. Kompyuta nyingi duniani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zile za mtindo wa zamani zina mashimo 31 tu ya kuhesabia, bao moja kasoro shimo moja. Yatajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Na mita nazo zitarudi. Chukua sifuri mpya, 1 Januari 2014, ongeza siku 11,650 na dakika 1,216. Nimefanya hesabu hiyo kwa mkono na ikaniangusha kwenye 24 Novemba 2045, tarehe ileile, saa ileile. Aliyeko mwaka wa kwanza leo atakuwa na miaka arobaini na kitu, pengine ndiye atakayekuwa ofisini akiandika tangazo.

Naiomba kamati ya taaluma iliweke hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, kabla ya mitihani haijatutawanya. Rasimu ya karatasi ya kwanza, ile ya bao na dakika, ninayo tayari. Anayetaka kuisahihisha anitafute. Upande wa Kibiti, Bungu na Nyamisati nitazunguka mimi mwenyewe. Tunahitaji watu wa kwenda Ikwiriri, Utete na Mafia.